Kilichoondolewa Mezani

Watu wote wa Nyanda za Juu Kusini, wake kwa waume, wanatangaziwa kwamba treni imefika.

Ndivyo lilivyosema tangazo la Ofisi ya Reli Itarajiwayo, mwezi wa Mei mwaka 1954, likabandikwa kila penye ukuta kuanzia Mbeya hadi Iringa. Aliyeliandika ni Bartholomeo, Karani Mkuu wa ofisi hiyo pale Iringa mjini, mtu mwenye tai moja, kalamu tatu mfukoni, na Kiswahili ambacho hata yeye mwenyewe alilazimika kukisoma mara mbili. Siku hiyo alijizuia, akaandika sentensi moja tu, na hiyo moja ndiyo iliyoleta balaa.

Maana watu ni watu. Waliposikia treni imefika, walikuja kupanda. Mzee mmoja alitoka Rungwe na mikungu mitano ya ndizi, siku tatu juu ya lori. Akina mama walipanda kutoka Ruaha Mbuyuni na vikapu vya vitunguu. Bwana mmoja wa Nyololo alikuja na mbuzi, akauliza kama mbuzi anakaa na mwenyewe au ana behewa lake.

Bartholomeo aliwapokea ngazini, akalifunga koti lake vizuri kwa sababu ya baridi na cheo.

"Tangazo limesema treni imefika," aliwaambia. "Halikusema inapandwa. Msome kwa makini."

Akawaingiza chumbani wanne wanne. Humo mlikuwa na meza, juu ya meza kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa nchi yote: milima ya plasta iliyopakwa rangi, misitu ya maranda, mito ya vioo vilivyovunjika. Mbeya ilikuwa upande huu, Iringa upande ule, na kati yake reli ya bati. Juu ya reli ilisimama injini nyeusi, urefu wake kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole, ya kuzungushwa kwa ufunguo.

Mzee wa Rungwe aliitazama, akainama, akaitazama tena.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Sasa inabeba nini?"

"Inabeba matarajio," alisema Bartholomeo, na akalipenda jibu hilo hata akaliandika kwenye daftari. Mzee akachukua ndizi zake akaenda kuziuza sokoni kwa hasira.

Sasa msije mkadhani ile meza ilikuwa mchezo. Ingekuwa mchezo isingekuwa na ofisi, wala ofisi isingekuwa na mkuu. Mkuu alikuwa Bwana Thackley, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni mpaka kikanyooka sana, akawa anasema "hakika" na "ilhali" kwa watu wanaosema "hii watu" na "ile viazi". Hakuna aliyemwelewa, naye akachukulia kwamba ni dalili ya elimu. Yeye ndiye aliyetoa ule Waraka Namba Kumi na Nne, uliotundikwa ukutani ndani ya fremu.

Waraka ulizaliwa hivi. Mwanzoni fundi wa meza aliweka mezani hospitali nzuri nyeupe, mahali ambapo nchini hapakuwa na hata bandeji. Habari zikavuma, na mama mmoja akambeba mgongoni mgonjwa wake maili ishirini kwenda huko, akakuta nyasi. Alikuja ofisini akasema maneno. Bwana Thackley alisikitika kwa dhati, akaagiza kosa lirekebishwe siku ileile. Ile hospitali ikang'olewa mezani. Kisha, jambo kama hilo lisitokee tena, akaandika: *Kilichopo mezani kipo nchini. Kilichoondolewa mezani kimeondolewa nchini.* Bartholomeo aliyafasiri maneno hayo mwenyewe, na kila alipopita karibu na fremu alipunguza mwendo.

Basi kila kitu kilikuwa sawa, ila treni ilikuwa inaanguka.

Ilitoka Mbeya vizuri, ikapanda kwa mbwembwe, ikakata mbuga za Usangu bila wasiwasi. Ilipokaribia Nyololo, palikuwa na panda, pale reli inapogawanyika mbili: njia moja ya kwenda Iringa, nyingine fupi ya kupumzishia mabehewa. Hapo injini ilianza kuchanganyikiwa. Magurudumu ya mbele yalishika njia ya Iringa, ya nyuma yakashika ya kupumzika, na injini ikabaki imekaa mshazari, kila upande ukivutia kwake. Siku ambayo ilibahatika kuvuka panda, ilikutana na kona. Kona yenyewe ilibanwa kwenye pembe ya meza. Injini ilifika pale, ikatoka relini, ikalala ubavu na kuzungusha magurudumu hewani mpaka ufunguo uishe.

Mwezi wa kwanza ilianguka mara mia moja na kumi na mbili. Tunajua idadi hiyo kwa sababu kila anguko lilikuwa na fomu yake, nakala tatu. Kulikuwa na mstari wa "Majeruhi", Bartholomeo akaandika "Hakuna". Kulikuwa na mstari wa "Waliokufa", akaandika "Bado".

Ikaundwa Kamati ya Uchunguzi wa Maanguko. Mwenyekiti Bwana Thackley, katibu Bartholomeo, mjumbe hakuna. Kikao cha kwanza kiligundua kwamba treni inaangushwa na makofi ya wananchi, wakakatazwa kupiga makofi. Ikaanguka. Kikao cha pili kiligundua kwamba inaangushwa na harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, maana watu wa Iringa, mvua ikinyesha na mianzi ikitoa maji yake, hawakai sana bila kuonja. Kila mgeni akaagizwa ampumulie tarishi mlangoni. Kufika saa nne asubuhi tarishi alikuwa hawezi kusimama, na treni ikaanguka vilevile. Kikao cha tatu kikapiga marufuku kupiga chafya.

Aliyejua ugonjwa ni Asukile, fundi seremala. Alikuwa Mnyakyusa, amejifunza useremala misheni, na kabla ya hapo alikuwa ametengeneza magari ya ng'ombe ya masetla kwa miaka kumi na miwili. Meza ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Kamati ilimwita, akasimama na kofia mkononi.

"Bwana, kona kali," alisema. "Hii injini ina magurudumu sita makubwa kwenye mstari mmoja, haina kiuno. Inaenda kama ubao. Gari refu halipindi kona fupi, hata ng'ombe anajua. Na kule pandani, magurudumu yamebanana. Ukiyatanua kidogo tu, unene wa ukucha, yanapita."

"Je, fundi," aliuliza Bwana Thackley, "umewahi kuiona treni kwa macho yako?"

"Hapana, Bwana."

"Injini hii imetoka Ulaya. Haikubanana."

Bartholomeo akaandika: *Fundi alikiri kwamba haijui treni.*

"Na hiyo kona," Asukile aliendelea, maana mtu aliyezoea ng'ombe hachoki kurudia, "tuongeze meza. Futi tatu tu."

Bartholomeo alimhurumia kwa ujinga wake. Meza haikuwa ya kuongezwa. Meza ilikatwa kwa kipimo cha kitambaa, na kitambaa kilikuwa mali ya Serikali.

Mwezi wa Julai ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Bwana Mkaguzi wa Mipango angefika Iringa katikati ya Agosti kuiangalia treni ikitoka Mbeya hadi mwisho. Ikifika salama, angeweka sahihi, na mpango wa reli ungekuwa mpango kweli. Ikianguka, ofisi ingefungwa. Bwana Thackley hakulala. Si cheo tu alichokitazamia. Juu ya vilima vya Mufindi Serikali ilikuwa imemjengea nyumba ya vigae vyekundu, yenye waridi mbele na bwawa la samaki wa kigeni nyuma. Kwenye faili iliitwa Kituo cha Uangalizi wa Reli, na kila Ijumaa alikwenda huko kuangalia reli ambayo haipo. Alikuwa ameahidiwa kwamba sahihi ikiwekwa, nyumba itakuwa yake mpaka uzee wake. Nayo ilikuwapo mezani, bila shaka, kijumba kizuri chenye paa jekundu.

Kamati ikakaa kwa dharura, na safari hii ikapata hekima. Kona itanuliwe. Kwa kuwa nje haiwezekani, maana nje ni hewa, itanuliwe kwa ndani, upana wa vidole vinne. Na pale ndani, vidole vinne kutoka relini, palikuwa na viberiti tisa vilivyogundishwa kwa gundi. Chini yake fundi alikuwa ameandika kwa kalamu jina la kijiji: Ikangamilo.

"Viondolewe," alisema Bwana Thackley. "Na kwa mujibu wa Waraka Namba Kumi na Nne, wakazi wapewe siku thelathini, kuanzia Bwana Mkaguzi atakapoweka sahihi. Andika, Bartholomeo."

Bartholomeo akakaa kwenye mashine ya chapa. Alipiga *Tangazo la Kuhamishwa*, akapiga *kwa maendeleo ya Jimbo*, na alipofika kwenye jina la mahali vidole vikagoma. Kiberiti cha tatu kutoka kushoto kilikuwa nyumba ya mama yake.

Akajiambia kwamba Serikali haina mama. Akalipiga jina lote, herufi kwa herufi, na akalipigia mstari.

Amri ilitaka tangazo lisomwe hadharani na Karani Mkuu mwenyewe. Akapanda lori hadi Nyololo, akatembea mpaka Ikangamilo na tai yake shingoni. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa Saulo, mgema ulanzi. Mama yake, Verediana, alikuja na kigoda chake akakaa mbele kabisa, akitabasamu. Alidhani mwanawe kapandishwa cheo.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama." Kisha akakohoa, akasoma. Alisoma yote. Alisoma kwamba wakazi wa Ikangamilo watahama ili kuruhusu mpindo salama wa njia ya reli. Kwamba fidia itakuwa picha moja ya treni kwa kila kaya. Na kwamba kila mkuu wa kaya ataweka dole gumba la kushoto kuthibitisha kwamba amefurahi.

Saulo ndiye aliyeinua mkono.

"Sasa, Bwana Karani, hii treni yenyewe iko wapi?"

"Ipo mezani."

"Mezani wapi?"

"Ofisini. Iringa."

"Kwa hiyo treni iko Iringa juu ya meza," alisema Saulo polepole, "na sisi tunaipisha huku?"

"Imeanguka mara nyingi," alisema Bartholomeo. Alisikia sauti yake mwenyewe, akaona aibu.

Verediana hakuwa anatabasamu tena. Aliinuka, akamshika mwanawe mkono kama alivyokuwa akimshika akimpeleka ubatizo, akamvuta hadi nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na vichaka vinne vya mianzi, mirefu, imeinama, na chini ya kichaka cha pili kaburi lenye msalaba wa mbao.

"Hii mianzi aliipanda baba yako mwaka uliozaliwa. Ndiyo iliyokusomesha. Kila kibuyu cha ulanzi kilichotoka hapa, wewe umekigeuza kalamu. Haya, nieleze: mianzi nitaibebaje? Na baba yako nimwamshe, nimwambie treni imeanguka?"

"Mama, si mimi. Ni waraka."

"Waraka nani aliuandika kwa Kiswahili?"

Verediana aliuachia mkono wake, akaonyesha kwa kidevu vilima vilivyo juu yao, kule paa jekundu lilipokuwa linang'aa.

"Na ile ya Bwana wako, ipo kwenye hiyo meza?"

"Ipo."

"Nayo imeambiwa ihame?"

"Haiko njiani, mama."

"Aha. Njia inajua pa kupita." Akafuta macho kwa khanga. "Nenda. Dole gumba langu hulipati, hata ukinikata."

Alirudi Iringa juu ya magunia ya viazi, na safari nzima alikuwa mgonjwa kwa hasira. Alijaribu kumkasirikia mama yake, haikuwezekana. Akamkasirikia Saulo, nayo ikaisha kabla ya kufika Mafinga. Ikabaki kujikasirikia mwenyewe, na hiyo ilitosha mpaka mjini.

Jumapili, misa ilipokwisha na Bwana Thackley akiwa Mufindi kwa samaki wake, Bartholomeo alimtafuta Asukile.

"Fundi, ile kona. Ikitanuliwa vidole vinne, treni itapita?"

"Wapi! Itaanguka palepale Ikangamilo badala ya kuanguka pembeni. Nilitaka kusema, lakini mimi treni siijui. Uliandika mwenyewe."

"Niliandika. Nisamehe." Neno hilo hakuwa amelitumia ofisini hata siku moja. "Inataka upana gani?"

Asukile akatoa uzi mfukoni. Wakaingia chumbani. Fundi alipigilia msumari mmoja, akafunga uzi, mwisho wa uzi akafunga kipande cha mkaa, akachora juu ya kitambaa cha Serikali mpindo mmoja mpana, bila haraka. Mkaa uliiacha Ikangamilo nje kabisa, upande wa pembe ya meza, salama salimini. Ukapanda vilima vya Mufindi na kupita katikati ya sebule ya Bwana Thackley.

"Hapo," alisema Asukile. "Haupungui hata kidole. Mimi sikuchagua, uzi ndio umechagua."

Bartholomeo alikitazama kijumba chenye paa jekundu. Alifikiria cheo chake, mshahara wake, tai yake. Kisha alifikiria kichaka cha pili cha mianzi.

"Kibandue," alisema.

Walifanya kazi mchana kutwa. Asukile aling'oa reli, akaipinda upya juu ya mstari wa mkaa. Akaipindua injini kutoka Ulaya, akaitanua magurudumu kwa kinyundo na msumari, unene wa ukucha, hakuzidisha. Viberiti tisa akavigundisha tena mahali pake, kimoja kimoja. Wakazungusha ufunguo. Treni ilitoka Mbeya, ikavuka panda bila kubabaika, ikaingia konani kwa upole, ikapita pale ilipokuwa sebule, ikafika Iringa ikasimama.

"Ndaga fijo," Asukile aliishukuru injini kwa Kinyakyusa, na akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe.

Jumatatu asubuhi Bwana Thackley alirudi moja kwa moja kutoka Mufindi, macho mekundu. Bwana Mkaguzi alitarajiwa saa nne. Bartholomeo alizungusha ufunguo tu. Treni ikaenda, ikafika. Akazungusha tena, ikafika. Mara saba. Bwana Thackley alikaa kwenye kiti na kujifuta uso kwa leso, akilengwalengwa na machozi. Kisha akatazama vizuri.

"Nyumba yangu i wapi?"

"Ipo kwenye droo, Bwana. Reli ilihitaji nafasi."

"Na hivi viberiti vimerudi kwa idhini ya nani?"

"Havikuwa njiani, Bwana."

Bwana Thackley alifungua droo, akakichukua kijumba na kukirudisha mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Akazungusha ufunguo. Treni ikatoka Mbeya, ikavuka panda, ikapanda Mufindi, ikaingia barazani, ikagonga mlango na kuanguka kwenye waridi.

Nje honi ikalia mara mbili. Tarishi akapiga saluti kwa kishindo. Bwana Mkaguzi amefika.

Jamani, mtu akishikwa pabaya hafikiri, anatenda. Bwana Thackley aliinyanyua injini akairudisha Mbeya. Kisha akakinyakua kijumba chake na kukitia mfukoni mwa koti. Bartholomeo aliliona hilo kwa macho mawili, akatazama saa, na akaandika kwenye daftari: *Saa nne kasoro dakika mbili. Nyumba imeondolewa mezani na Bwana Mkuu mwenyewe.*

Bwana Mkaguzi alikuwa mzee mnene mwenye uso wa mtoto. Alipoiona treni alisahau salamu. Alipiga magoti sakafuni, akaweka kidevu chake juu ya ukingo wa meza, na akaomba azungushe ufunguo mwenyewe. Treni ikaenda. Ilipopita konani aliguna kwa raha. Ilipofika Iringa akapiga makofi, na hakuna aliyemkumbusha kwamba ni marufuku.

"Kona nzuri ajabu," alisema, akiipapasa kwa kidole. Kidole kikanasa. "Hapa pana gundi. Palikuwa na kitu?"

Bwana Thackley aliweka mkono mfukoni. Angesema palikuwa na nyumba, angeulizwa iko wapi. Angesema ipo mfukoni, angeambiwa airudishe, treni ingeanguka, na cheo nacho. 

"Hapakuwa na kitu cha maana, Bwana."

Bartholomeo akaandika na hilo pia, neno kwa neno.

Bwana Mkaguzi aliinuka, akajikung'uta magoti, na macho yake yakaangukia ile fremu ukutani. Alitaka aelezwe. Bwana Thackley, kwa sauti iliyokuwa inafifia kila neno, alimweleza Waraka Namba Kumi na Nne. Bwana Mkaguzi aliupenda mno. Alisema katika miaka thelathini ya utumishi hajaona amri iliyo wazi kiasi hicho. Akavuta karatasi, na juu yake akaandika: *Nimeikubali nchi hii kama ilivyo mezani leo.* Akatia sahihi, akaomba chai.

Baada ya wiki tatu karatasi ilirudi kutoka Dar es Salaam ikiwa na mihuri minne. Bwana Thackley alikuwa ameandika barua tano za kuomba ufafanuzi. Alijibiwa kwa barua moja, kwamba nyumba anayoitaja haimo katika Jimbo.

Ndipo Bartholomeo alipopanda vilima vya Mufindi siku ya Ijumaa, amefunga tai, tarishi nyuma yake amebeba kidau cha wino. Bwana Thackley alikuwa barazani amekaa. Kijumba chenye paa jekundu kilikuwa mezani kwake, karibu na kikombe cha chai.

Bartholomeo alikohoa, akasoma. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Lilikuwa tangazo lilelile, jina la mahali tu ndilo lililobadilika. Alisoma kwamba mkazi atahama katika siku thelathini ili kuruhusu mpindo salama wa njia ya reli. Alisoma habari ya fidia. Kisha akatoa picha ya treni kwenye bahasha, akaiweka mezani kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Bartholomeo," alisema Bwana Thackley. Kiswahili cha kitabuni kilikuwa kimemwishia. "Hii ni wazimu. Ile ni meza tu!"

"Ndiyo, Bwana. Hapa, tafadhali. Dole gumba la kushoto."

"Mimi najua kuandika!"

"Fomu haina nafasi ya kuandika, Bwana. Uliipitisha mwenyewe."

Huko bondeni moshi ulikuwa unapanda kutoka Ikangamilo, na Saulo alikuwa kwenye mianzi yake anaipalilia. Sauti yake akiimba ilifika mpaka barazani. Bwana Thackley alilichovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi, mahali palipoandikwa kwamba amefurahi. Akakaa anaitazama picha ile kwa muda mrefu, wino ukimkaukia kidoleni. Kisha akainua macho, akatazama waridi, bwawa, vilima vyote hadi upeo wa macho, ambako hapakuwa na reli hata shubiri moja.

"Lakini hii treni yenyewe," aliuliza, "iko wapi?"

"Ipo mezani, Bwana," alisema Bartholomeo, akikunja karatasi yake. "Na tangu ulipoiondoa nyumba, haijaanguka hata mara moja."